Kumtakia Heri Mtu Unayemwogopa

Mama yangu alikuwa akisikia mlio wa lori anazima moto. Iwe mchana, iwe ugali uko jikoni unakaribia kuiva, angechukua maji akamwagia kuni, kisha akasimama katikati ya moshi akisikiliza lori linaelekea wapi. Tuliishi Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, na malori yaliyopita kwetu yalibeba tumbaku na mahindi. Mama alijua hivyo. Dereva mmoja tulikuwa tunasali naye kanisa moja. Lakini lori ndilo lililokuja kumchukua baba kule tulikotoka, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, na mwili wa mama haukuwahi kukubali kwamba haya ya Katumba yalikuwa malori mengine.

Mimi lori lile silikumbuki, wala sura ya baba siikumbuki. Ila mtoto anayelelewa na mtu mwenye hofu hujifunza hofu kama anavyojifunza kutembea. Nilipokuwa msichana, mtu akibisha hodi kwa nguvu nilikuwa najificha. Nilisomea uuguzi msaidizi, nikapangiwa zahanati ya makazi yetu, na kazi niliiweza. Nilikuwa namchoma mtoto sindano asilie, nazalisha, nashona vidonda. Lakini askari akiingia pale, hata kama yeye mwenyewe anatetemeka kwa malaria, mikono yangu ilikuwa inakufa ganzi. Wenzangu walishazoea. Walikuwa wananiambia, "Wewe kaa tu, huyu tutamhudumia sisi."

Katikati ya miaka ya tisini vita vya nyumbani vikawaka upya, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Zaire, nako kukachafuka. Watu wakaanza kuvuka ziwa kwa boti na mitumbwi, wakashukia upande wetu, Karema na Ikola na vijiji vya katikati. Wengi walishuka na kipindupindu. Shirika moja la misaada likaja Katumba kutafuta manesi wanaojua Kirundi na Kiswahili, na mganga wa zahanati akanitaja mimi.

Mama alikuwa anapepeta mchele nilipomwambia. Hakuinua uso.

"Usiende."

"Mama, watu wanakufa kule."

"Ndiyo maana nakwambia usiende. Penye watu wanaokufa hivyo, wanaoua hawako mbali."

Nilienda. Watu wakisikia habari hii huwa wananiita jasiri, na nawakatalia. Nilienda kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kuambiwa kaa tu.

*

Kituo chetu kilikuwa mahema meupe yaliyopangwa juu kidogo ya ufuko, mahali wenyeji walipokuwa wakianika dagaa kabla ya sisi kuja. Harufu ya dagaa haikutoka kamwe. Ilichanganyika na klorini tuliyokuwa tukinyunyizia kila kitu, mpaka leo nikisikia moja naitafuta nyingine. Vitanda vilikuwa vya turubai, vimetobolewa katikati, na ndoo chini yake. Anayejua kipindupindu anaelewa kwa nini.

Mkuu wa wauguzi alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Sri Lanka, mfupi, mweusi kama sisi, nywele zake amezifunga kisogoni. Tulimwita Sista, kama manesi wote wanavyoitwa, na wagonjwa wengi walidhani ni mtawa wa Kikatoliki, wakawa wanamwomba awaletee rozari. Kiswahili alikuwa amejifunzia Kigoma na kilikuwa cha kubomoabomoa. Kila asubuhi kabla ya kuingia zamu alitandika mkeka nyuma ya hema la dawa, akakunja miguu, akakaa. Hakuwa na kitabu wala tasbihi, na midomo yake haikucheza.

Mpishi wetu, mama wa Kifipa kutoka Karema, ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Siku moja akamfuata na kikombe cha chai.

"Sista, wewe ni dini gani?"

"Budha."

"Huyo Budha ndiye Mungu wenu?"

"Hapana. Mtu. Mwalimu."

"Sasa asubuhi unamwomba nani?"

"Mimi haiombi," Sista akasema. "Mimi kaa tu."

Mpishi akacheka mpaka chai ikamwagika. "Ningelipwa mimi kwa kukaa tu!"

Sista naye akacheka. Lakini mimi yale maneno, kaa tu, yalinichoma mahali. Nilikuwa nimeyakimbia kutoka Katumba, na huyu alikuwa anayafanya kwa hiari yake kila siku, halafu anainuka na kuingia kwenye mahema ambayo wanaume wenye nguvu walikataa kuingia.

Nikamfuata. Nilimwambia habari ya mikono yangu, maana nilijua ipo siku ataiona. Nilitegemea anipe vidonge. Akaniuliza, "Hofu ikija, wewe fanya nini?"

"Naiondoa."

"Inaondoka?"

"Haiondoki."

Akavuta mkeka pembeni, akanipa nafasi. Aliyonifundisha asubuhi ile na asubuhi zilizofuata nitayaandika kwa Kiswahili changu, maana chake kilikuwa na vipande vya Kiingereza na ishara nyingi za mikono. Aliniambia nikae, nisikilize pumzi inavyoingia na kutoka, na hofu ikija nisiifukuze wala nisiitii. Niitambue tu kwa jina lake: hofu. Niangalie imekaa wapi mwilini, tumboni au kooni. Niiangalie kama ninavyomwangalia mgonjwa, bila kumgombeza kwa nini anaumwa.

Alinisimulia pia. Kwamba watawa wa Budha waliwahi kutumwa msituni kukaa na kutafakari, wakakuta msitu una pepo wabaya, usiku hawalali, mchana wanakonda. Wakarudi mbio kwa mwalimu wao kuomba msitu mwingine. Mwalimu akawaambia warudi msitu ule ule. Safari hii wabebe kitu ambacho mara ya kwanza hawakubeba: wawatakie heri hao hao wanaowaogopa. Viumbe wote wawe salama. Viumbe wote wawe na amani.

"Wakarudi?" nikauliza.

"Wakarudi."

"Na pepo?"

"Pepo wakawalinda."

Akanisimulia na tembo mlevi aliyefunguliwa barabarani makusudi amkanyage Budha, na Budha akasimama, akamwonea huruma mpaka tembo akapiga magoti. Hiyo mpishi aliisikia akaja juu. Kaka yake alikuwa na shamba Sitalike, kando ya mbuga. "Sista, tembo wa huko kwenu labda. Wa kwetu ukisimama kumwonea huruma, tunakuja kukuokota vipande." Sista akakubali kwamba na yeye angekimbia.

Mimi niliipenda ile ya watawa. Niliipenda kwa sababu mwalimu hakuwaambia hakuna pepo. Watu wazima wote wa maisha yangu walikuwa wa aina mbili: walioniambia niogope, na walioniambia hakuna cha kuogopa. Huyu alikuwa wa kwanza kuniambia kipo, na kwamba nirudi.

Tukawa tunakaa pamoja. Alinifundisha kupanga zile heri. Kwanza unajitakia mwenyewe: niwe salama, nisitawaliwe na hofu. Kisha mtu umpendaye. Kisha mtu usiyemjua vizuri. Mwisho kabisa, yule unayemwogopa. Kwa mama yangu maneno yalitiririka. Kwa mpishi yalikwenda vizuri. Kwa nafsi yangu yalikwama, jambo lililonishangaza. Na kwa yule wa mwisho nilikuwa sina uso wa kuweka. Nilimwambia, ninayemwogopa mimi simjui, nina lori tu.

Sista hakucheka. Akanieleza habari yake. Kwao nako watu wa nchi moja walikuwa wakiuana. Watu wa kabila lake walichoma nyumba za jirani zao wa kabila jingine. Baadaye wa upande ule wakatega bomu stendi ya mabasi, likamuua kaka yake. "Na dini yangu hiyo hiyo," akasema, "watu wangu wameisoma, na bado wamechoma. Kusoma tu haitoshi. Lazima kufanya, kila siku, kama kunawa mikono."

*

Asubuhi moja ya manyunyu boti lilitua na watu waliolala juu ya mizigo yao. Wabebaji wakatuletea mwanamume mmoja kwenye machela, macho yameingia ndani, ngozi ukiifinya inabaki imesimama. Nguo zilikuwa za kuokoteza, hazikumkaa. Tukamlaza kitanda cha mwisho. Aliweza kusema neno moja tu la Kirundi, "Amazi," maji, akalirudia kwa sauti iliyokauka.

Nilikuwa nimeshika chupa ya dripu aliponyanyuka mwanamke wa kitanda cha jirani. Yeye alikuwa amefika siku chache kabla, na ndiyo kwanza alikuwa anapata nguvu.

"Huyu namjua," akasema. Kisha akapiga kelele: "Huyu namjua! Huyu mwanajeshi! Alikuwa kwenye kizuizi cha barabara, pale walipowashusha garini watoto wa dada yangu!"

Hema lote likageuka. Yule mgonjwa alifumba macho. Hakukana.

Wahudumu wawili waliokuwa wakimwaga ndoo waliziweka chini wakatoka. Ndugu wa wagonjwa nao wakatoka, na nikasikia miguu yao ikikimbia kuelekea kwenye kambi ya wageni. Sista alikuwa hema la watoto. Nikabaki mimi, na dripu, na yule mtu.

Nilipiga magoti, nikamfunga mkono kwa mpira, nikatafuta mshipa. Kidole changu kilikuwa hakisikii kitu. Sindano ilikuwa inacheza hewani kama mtu anayejaribu kutunga uzi gizani. Nilimwangalia usoni. Alikuwa na ndevu chache, na kovu dogo juu ya mdomo, na nikawaza: hatimaye ana uso. Nikainuka nikatoka.

Nilikwenda nyuma ya hema la dawa, mkeka ulikuwa umelowa, nikaukalia hivyo hivyo. Nikasikiliza pumzi, ilikuwa inakwenda kama ya mtu aliyetoka kukimbia. Nikasema hofu. Ilikuwa kooni, na mikononi, na ilikuwa kubwa kuliko mimi. Nikasema, niwe salama, na safari ile sikuona aibu kujitakia, nilikuwa nahitaji kweli. Nikasema, mama awe salama. Kisha nikajaribu kumtakia yeye. Awe salama haikutoka. Nilijaribu tena, ikakataa. Kilichotoka mwishoni ni hiki: apate maji.

Basi nikashika hilo. Kumsamehe sikuweza, na hakuna aliyeniambia nimsamehe. Apate maji niliweza. Nikarudi ndani. Mikono ilikuwa bado inatetemeka, nikaiacha itetemeke, nikaegemeza kiwiko kwenye goti ili kitulie. Mshipa ukakataa, ukakataa tena, kisha damu ikarudi kwenye sindano na nikafungua dripu ikakimbia.

Kelele zilikuwa zimefika mlangoni. Nilipogeuka, Sista alikuwa ameshasimama pale, mgongo wake kwetu, kimo chake hakikufika hata kwenye kamba ya juu ya hema. Nikaenda nikasimama naye. Mbele yetu kulikuwa na wanaume na wanawake wengi, wana fimbo, wana makasia.

"Mtoeni!" mmoja akasema. "Hatutaki kumwua humo ndani. Nyie mtoeni tu."

"Dawa hiyo ililetwa kwa ajili yetu," mwingine akasema. "Nyie mnampa aliyetufukuza!"

Sista akaniuliza wanasema nini, nikamweleza. Jiwe likaja. Halikuwa kubwa, lakini lilimpata juu ya jicho na damu ikashuka moja kwa moja mpaka kwenye kola. Nilidhani atarudi nyuma. Akakaa. Alikunja miguu pale pale mlangoni, kwenye tope, kama anavyokaa kila asubuhi, akashika nyusi yake kwa kiganja.

"Waambie," akaniambia, "mimi naogopa sana."

Nikawaambia kwa Kirundi.

"Waambie sitoki."

Nikawaambia. Halafu maneno mengine yakaja yenyewe, ambayo Sista hakuniambia niyaseme. "Na mimi naogopa. Mimi ni wenu. Baba yangu walimchukua nikiwa mgongoni mwa mama, sijui hata alizikwa wapi. Mwanajeshi ninamwogopa kuliko nyie mnavyomwogopa, na huyu nimemwekea dripu kwa mikono hii. Humu ndani hakuna anayekataliwa maji. Siku mkiletwa nyie, sitamwomba mtu yeyote ruhusa ya kuwatibu."

Sitasema kwamba mioyo yao ililainika. Mtu mmoja alinitemea mate. Mwanamke mmoja alianza kulia kwa sauti, akichukia kwamba analia. Lakini jiwe la pili halikurushwa, na tulikaa hivyo, wao wamesimama, Sista amekaa, mimi namkandamizia kitambaa kwenye nyusi, mpaka mvua ikawa kubwa na askari wa kambi wakafika wakiwa wamelowa. Watu wakaondoka polepole, na kasia moja lilibaki limeegemezwa kwenye kamba ya hema letu.

Nilipoingia ndani nilikwenda kwanza kwa mwanamke wa kitanda cha jirani. Alikuwa amegeukia ukutani mwa hema. Dripu yake ilikuwa imekauka.

"Usiniguse kwa mikono hiyo," akasema.

Nikanawa kwa klorini mbele yake.

"Klorini haitoi."

"Haitoi, dada. Lakini dripu yako imekwisha. Niruhusu nibadilishe."

 Akatoa mkono nje ya shuka bila kunitazama. Nikabadilisha. Nikamwambia nasikitika kwa ajili ya watoto wa dada yake, na nikamwuliza majina yao. Akanitajia, mmoja mmoja, akiwa bado ameangalia turubai. Kumtakia yeye heri hakukuhitaji mkeka wowote. Na niligundua pale kwamba nisingekuwa na haki ya kumtibu yule mwingine kama ningempita huyu.

Mwenye kipindupindu akipata maji hupata nafuu haraka. Jioni ile ile yule mwanamume alikuwa ameketi. Nilimletea maji ya chumvi na sukari kwenye kikombe, akanitazama.

"Ni kweli nilikuwa kwenye kile kizuizi cha barabara," akasema kwa Kirundi. "Baadaye nilitoroka jeshi. Unataka nikuambie yaliyokuwa yanafanyika pale?"

Nilifikiri. Sehemu yangu moja ilitaka sana. Nilikuwa nimengoja maisha yangu yote mtu aniambie.

"Kunywa kwanza," nikamwambia.

Akanywa. Kesho yake asubuhi askari walimchukua kumpeleka Kigoma, kwa usalama wake, na maneno hayo sikuyasikia kamwe. Hakunishukuru, na sikumtibu ili anishukuru. Nilikwenda kukaa kwenye mkeka kama kawaida. Sista alikuwa na plasta juu ya jicho. 

*

Habari zilinitangulia Katumba. Niliporudi likizo, mama alikuwa uani anachambua maharage. Nikakaa naye, nikachota yangu kwenye ungo. 

"Wanasema umemwuguza mwanajeshi."

"Ndiyo, mama."

"Na ulijua."

"Nilijua kabla ya kumchoma sindano."

Akatupa kijiwe. "Ana umri gani?"

"Ananizidi kidogo tu."

Mikono yake ikasimama. Nilimwona anapiga hesabu ya mwaka ule waliomchukua baba. "Basi alikuwa mtoto."

"Alikuwa mtoto, mama. Kama mimi."

"Mukobwa wanje," akasema, binti yangu, na sauti ilikuwa ya uchovu kuliko hasira, "nimekaa miaka yote hii nikimtafuta mtu mwenye uso nimchukie. Sasa anapatikana mmoja, na wewe unaniambia alikuwa mtoto."

 Nilikaa tu, na sikuona tena kwamba kukaa ni kushindwa. Akauliza kama yule mtu alipona, nikasema alipona.

"Mimi sitamwombea."

"Sijakuomba, mama."

"Lakini wewe nakuombea. Na huyo mama wa jicho naye nitamwombea. Dini yake itajulikana huko mbele."

Mchungaji wetu naye aliniita. Aliuliza kama nimebadili dini. Nikamwambia bado ni Mkristo, nasali kila Jumapili, ila kuna jinsi ya kukaa na hofu ambayo nimefundishwa na Mbudha na sina mpango wa kuiacha. Nikamweleza ile ya kumtakia heri adui. Akakuna kidevu, akasema hilo na sisi tunalo kwenye Injili. Nikasema ninajua, Mchungaji, tunalo. Mimi nilikuwa sijawahi kuonyeshwa linafanywaje, unaanzia wapi, na ukishindwa unafanya nini. Hakunitenga. Akaniuliza linafanywaje.

*

Kituo cha ziwani kilipofungwa Sista alihamishiwa nchi nyingine. Aliniachia mkeka. Mimi nikapata kazi Mpanda mjini, nikapanga chumba Nsemulwa. Kisha zikaja mvua za elinino. Madaraja yakaenda, treni ya Tabora ikakatika, vyoo vikafurika, na kipindupindu kikaingia mjini.

Wakati ule ndipo nilipoiona hofu kwa upande wa pili. Maneno yalianza sokoni: Warundi ndio wameleta. Jirani yangu alikuwa mama wa Kirundi aliyeolewa mjini, mjamzito. Asubuhi moja alirudi kutoka bombani ndoo tupu, kanga imechanika begani. Walikuwa wamemfukuza.

Ningeweza kunyamaza. Kwa lafudhi yangu wengi walinidhania Muha wa Kasulu. Nilirudi chumbani nikakaa. Hofu ilikuwepo, tumboni safari hii, nikaitambua. Nikajitakia heri, nikamtakia jirani. Kisha nikawatakia watu wa bombani, na nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi, maana nilijua hasa wanachokiogopa. Nilikuwa nimekiona kwenye ndoo. Nikachukua ndoo yangu nikamwambia jirani, "Twende."

"Watatupiga."

"Inawezekana. Twende."

Foleni ilikuwa ndefu. Mama mmoja muuza vitumbua, mwenye sauti kubwa kuliko wote, akatuzibia njia.

"Huyu nimeshamwambia asirudi. Nyie Warundi mna ugonjwa."

"Na mimi ni Mrundi," nikasema. "Wa Katumba."

Watu wakasogea nyuma, kama nimekohoa damu. Yeye hakusogea. Niliona mgongoni alikuwa na mtoto.

"Mama, unamwogopea mtoto," nikamwambia. "Una haki. Ugonjwa huu unaua watoto haraka, nimewaona. Mimi ni nesi, na hata mimi nauogopa. Lakini haukai kwenye kabila. Unakaa kwenye maji, na wote tunachota hapa."

"Kwa hiyo unasema mwanangu hataupata?"

"Siwezi kusema hivyo. Nasema naweza kukuonyesha jinsi ya kumkinga. Lakini huyu atachota kwanza, ana mimba na amesimama tangu alfajiri."

 Kuna waliochukua ndoo zao wakaondoka wakilaani. Kuna waliobaki. Jirani yangu alipita akaweka ndoo chini ya bomba, na maji yakaanza kujaa huku watu wote wakiyaangalia. Nilisimama kati yake na foleni mpaka ilipojaa. Kesho yake tulikwenda tena, na keshokutwa, kila asubuhi, mvua iwepo au isiwepo, na ndoo zetu zikijaa tulizitia klorini pale pale bombani. Siku nyingine tulitukanwa. 

Kisha asubuhi moja, mama wa vitumbua, bila kunisalimia, akaweka ndoo yake pembeni ya yangu.

"Hiyo klorini," akasema, "mnaweka kiasi gani?"

Nikachuchumaa nikamwonyesha.